Mlenda wa Nywele wa Penina Mahinyila

Bwana Yesu asifiwe, asalamu aleikumu kwa ndugu zetu mliotoka Kondoa, na kwa wazee wa Haneti, mbukwenyi. Historia hii inasomwa na Hilda, mtoto wa kwanza wa marehemu, kwa niaba ya ukoo wa Mahinyila, na kabla haijaanza ukoo umemwagiza aseme jambo moja. Jana wazee watatu wa upande wa Mvumi, upande wa mume, walifika hapa wakaomba yale ya mwaka 2014 yarukwe, kwa maelezo kwamba msibani hapasemwi mabaya. Ukoo uliwakaribisha, ukawapa chai, ukawasikiliza mpaka mwisho, ukakataa. Marehemu alisemwa mabaya akiwa hai, kanisani, sokoni na kwenye harusi za watu, na katika miaka yote hiyo hakuna mzee hata mmoja wa Mvumi aliyeomba pale parukwe.

Marehemu Penina Mahinyila alizaliwa tarehe 14 Agosti 1978 hapa hapa Haneti, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Matonya Mahinyila na mama Anyesi, wakulima wa uwele na karanga, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Maji ya kisima cha nyumbani kwao yalikuwa ya chumvi, sabuni haikutoa povu, na nywele zilizooshwa kwa maji hayo zilikauka zikasimama kama katani, chanuo likipita linarudi na meno pungufu, kwa hiyo mama Anyesi alikuwa na desturi ya kubakiza mlenda uliochemshwa bila magadi wala chumvi, akauchuja kwa kipande cha khanga kuukuu, akawapaka binti zake ute wake vichwani, wakakaa nao mpaka mbuzi wafunguliwe, ndipo wakasuuza na kuchanwa bila kulia. Wapo waliokuja kusema kwamba ujuzi huu Penina aliupata kwa mganga. Aliupata jikoni kwa mama yake, na wengi mliokaa chini ya turubai hili mmewahi kuchovya ugali kwenye sufuria hiyo mkashiba.

Alianza elimu ya msingi hapa Haneti mwaka 1987 akahitimu mwaka 1993, na kwa kuwa wanafunzi wa kike walikuwa wakinyolewa vipara, alijifunzia kazi yake vichwani mwa shangazi zake, waliojipanga Jumamosi kwenye kivuli cha ghala wakisubiri zamu. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mwaka 1995 alikwenda Dodoma mjini, akaajiriwa katika saluni moja karibu na stendi ya wakati ule, kazi yake ya kwanza ikiwa kufagia nywele zilizokatwa na kuchemsha maji, na ya pili, baada ya mwaka mmoja, kuosha vichwa vilivyowekwa dawa.

Huko ndiko alikojua dawa ya nywele inavyofanya kazi, kwamba inanyoosha kwa kudhoofisha, na kwamba nywele iliyotoka kwenye dawa ni kama mtu aliyetoka kuugua, haibebeshwi mzigo. Aliona ngozi zilizoungua, akaona wanawake wakifunga vilemba vya haraka ili waume zao wasijue, na pole pole akaanza kuwachanganyia vitu vyake mwenyewe. Kwa nywele za asili, zile ngumu zilizojikunja, alitengeneza mchanganyiko mzito, ute wa mlenda, parachichi lililoiva mpaka likawa halina uzi, mafuta ya nyonyo na asali, akaupaka tuta kwa tuta kuanzia ncha kwenda juu, akafunika kichwa kwa mfuko wa nailoni na juu yake taulo lililochovywa maji ya moto, hata nywele zikalainika zikashuka begani kama zimejisahau. Kwa nywele zenye dawa aliacha parachichi, akapunguza mafuta, akaongeza yai na maji ya shubiri, na hakugusa kichwa cha mtu yeyote kabla ya kuuliza swali moja, "Dawa uliweka lini?" Aliyejibu kwamba ni ya wiki hiyo alirudishwa nyumbani, awe na fedha asiwe nazo, awe mke wa mkubwa au muuza ndizi.

Tarehe 7 Julai 2001 alifunga ndoa takatifu na Bwana Nathanaeli Mwaluko wa Mvumi, karani wa ghala la nafaka, ambaye yupo hapa, amekaa kwenye viti vya mbele vilivyowekwa kwa ajili ya wagonjwa na wazee. Walijaliwa watoto wawili, Hilda mwaka 2002 na Joshua mwaka 2006, wakahamia Area D, mjini Dodoma, na barazani mwa nyumba ile Penina akafungua saluni yake, viti viwili, kioo kimoja na ndoo ya mlenda iliyofunikwa sahani. Ilijaa. Wateja walimwita Mama Mlenda naye akaitika, walikuja walimu, wauguzi, wake za watumishi, na sehemu kubwa ya matofali ya nyumba ile, ambamo leo anaishi mwanamke mwingine, ilitoka kwenye ndoo ile.

Sasa yafuata ya mwaka 2014.

Bwana Nathanaeli ana dada yake mkubwa, Bibi Priska, naye yupo, na Bibi Priska ana binti aitwaye Ruthu, ambaye harusi yake ilipangwa kuwa Jumamosi tarehe 18 Oktoba mwaka huo. Siku ya Alhamisi Bibi Priska alimleta binti yake Area D mchana, akataka alainishwe nywele ili zikae vizuri chini ya shela. Penina alimkalisha bibi harusi kitini, akafungua kitambaa chake, akauliza kama alivyouliza siku zote, "Dawa uliweka lini, mwanangu?" Ruthu alimtazama mama yake. Mama yake ndiye aliyejibu, "Wiki tatu zilizopita." Penina akaingiza vidole kwenye nywele, akanusa, akageuza kichwa kile kwenye mwanga, nyuma ya sikio akakuta ngozi imechubuka, bado mbichi.

"Wifi," alisema, "hii dawa ni ya jana au juzi, na si mara moja. Mimi hapa siwezi kupaka kitu. Likipita chanuo zitatoka zote. Mfunge kitambaa, mwache apumzike, Jumamosi mvalishe wigi, hakuna atakayejua."

"Mwanangu avae wigi kwenye harusi yake?"

"Avae wigi, wifi, kuliko avae kipara."

Bibi Priska alisimama, akamvuta binti yake mkono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba Penina ana wivu, kwamba Wagogo wa Haneti ni watu wa njaa hawajui kumfurahia mwenzao, wakati yeye mwenyewe ni Mgogo wa Mvumi na njaa ni ile ile, kisha wakapanda bajaji wakaondoka. Bwana Nathanaeli alikuwa sebuleni, yuko likizo, mlango uko wazi, anakula. Aliyasikia yote, na dada yake alipoondoka alitoka na sahani mkononi akamwambia mkewe, "Afadhali umekataa." Hilda alikuwa na miaka kumi na miwili, amekaa kizingitini anakoboa karanga, naye aliyasikia yote hayo.

Bibi Priska hakurudi nyumbani. Alimpeleka binti yake kwa msusi mwingine, jina lake halina kazi hapa, akaoshwa, akapakwa, akachanwa, na asubuhi ya harusi nywele za Ruthu zilitoka kwa mafungu zikabaki kwenye taulo. Aliolewa amefungwa kilemba cheupe huku macho yamevimba. Watu walipouliza kulikoni, Bibi Priska hakumtaja msusi yule, wala hakusema kwamba dawa aliipaka yeye mwenyewe jikoni kwake, siku mbili mfululizo, kwa sababu ya kwanza haikunyoosha alivyotaka. Alisema, "Ni mlenda wa wifi yangu." Alisema ndoo ile ina vitu vya makaburini. Alisema Penina alimpaka mwanawe kwa makusudi ili ndoa isidumu. Aliyasema kwenye ukumbi wa harusi, wali ukiwa bado unapakuliwa, na kabla keki haijakatwa habari ilikuwa imeshafika meza ya mwisho.

Tarehe 26 Oktoba ukoo wa Mwaluko uliitisha kikao Mvumi. Penina alikwenda akiwa na amani, kwa kuwa alikuwa na shahidi, na shahidi ni mumewe. Alieleza yote, hakupandisha sauti, kisha mzee wa kikao akamgeukia Bwana Nathanaeli akamuuliza, "Wewe siku hiyo ulikuwepo?" Bwana Nathanaeli alimtazama dada yake, yule aliyemlea na kumlipia shule, akatazama chini, akasema, "Sikuwepo. Nilikuwa kazini."

Wakamuuliza Ruthu, Ruthu akalia, na kilio chake kikahesabiwa kuwa ushahidi.

Marehemu hakuwahi kulia kwa ajili ya maneno ya wifi yake, maana wifi ni wifi, lakini kwa neno lile la mumewe aliketi kwenye gogo nje ya nyumba ya kikao akashindwa kunyanyuka, mpaka mwanamke mmoja mpita njia akamshika kwapani akamsimamisha. Wateja wa Area D walikatika. Wale wale waliokuwa wakimwita Mama Mlenda walianza kuvuka barabara, mmoja alituma dada wa kazi arudishe chupa ya mafuta ya nyonyo ikiwa nusu, na nyumbani Bwana Nathanaeli akaanza kusema kwamba ndoo ile inamwaibisha, iondoke barazani. Mwezi Januari 2015 ndoo iliondoka, na mwenye ndoo, na watoto wake wawili. Hakufukuzwa kwa maneno, mlango uliachwa wazi akaachiwa aone mwenyewe.

Alipanga chumba Chimwaga, jirani na chuo, kwa Bwana Halfani na mkewe Bibi Mwajabu, Warangi wa Kondoa wanaouza asali na mbaazi, watu ambao hawakuwa ndugu zake kwa damu wala kwa dini. Bibi Mwajabu aliisikia habari ya mlenda wa makaburini kabla mizigo haijashushwa, akamuuliza Penina uso kwa uso, "Mwenzangu, wanasema wewe ni mchawi. Kweli?" Penina akajibu, "Ningekuwa mchawi ningekuwa nahama kwa mkokoteni?" Bibi Mwajabu akacheka, akaketi kwenye kigoda, akafungua mtandio wake, akasema, "Haya, anza na mimi." Yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa Chimwaga, na nywele zake zikawa tangazo.

Wanafunzi wa chuo walifuata, mmoja akimleta mwenzake, wasichana waliochoka na dawa wanaotaka kurudi kwenye nywele zao za asili na hawajui pa kuanzia, wakisema, "Mama, nywele zangu ni drai, zinakatika tu," naye akawakalisha, akawakata ncha zilizokufa, akawafundisha kuchanganya wenyewe kwa vitu vya sokoni, kwamba parachichi lisipopondwa vizuri litabaki kichwani kama mba, kwamba asali ikizidi nywele inanata, kwamba mlenda hauwekwi leo ukatumika wiki ijayo. Hakuwaficha kitu. Joshua amesoma kwa ndoo ile, na Hilda amekuwa muuguzi kwa ndoo ile.

Na kwa kuwa historia ni historia, isemwe pia kwamba mwaka 2019, mlenda ulipoanza kuwa fasheni mjini, Bibi Priska, yule aliyesema una vitu vya makaburini, alianza kuuza mlenda wa nywele kwenye chupa, zenye picha yake na maneno "Siri ya Bibi wa Mvumi". Penina alipoletewa chupa moja aliinusa akamtuma mtu kwa wifi yake na ujumbe wa heri, kwamba ute huo huoza siku ya tatu, usifungiwe. Bibi Priska akajibu kwamba wivu haujamwisha. Wiki iliyofuata chupa zilifura kwenye kibanda chake kama tumbo la mbuzi aliyekula mtama mbichi, zikapasuka moja baada ya nyingine, na harufu yake wafanyabiashara wa jirani wanaikumbuka mpaka leo. Penina aliposikia hakucheka. Watu wa Chimwaga walicheka kwa niaba yake.

Mwezi Machi 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa katika hospitali moja hapa Dodoma na baadaye Dar es Salaam, na dawa alizopewa zilimpukutisha nywele zote, za kichwa na za nyusi. Mwanamke aliyelainisha vichwa vya nusu ya mji alibaki na kipara, akajitazama kwenye kioo kile kile cha saluni, akamwomba Hilda amalizie kwa wembe zilizobaki. Habari ilifika Mvumi, na Bibi Priska alisema maneno yafuatayo, mbele ya akina mama wa kanisa, nao wapo hapa na wanayajua, "Kamnyonyoa mwanangu, sasa kanyonyoka yeye." Penina alipoambiwa alisema, "Basi amefurahi. Nimwombee afurahi na kitu kingine." Hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote ambayo watoto wake walimsikia akimsema wifi yake.

Jumapili tarehe 12 Januari mwaka huu Ruthu alifika Chimwaga, akavua viatu mlangoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, Ruthu. Inuka, sakafu ina baridi."

Hakuinuka. Alisema yote pale pale chini, dawa ya mara mbili, neno la wiki tatu alilofundishwa kwenye bajaji wakati wa kuja, na msusi yule wa pili, akasema alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alimwogopa mama yake kuliko Mungu. Penina alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilijua tangu siku ile," alimjibu. "Usiniambie mimi. Waambie wale walioambiwa." Ruthu akaenda. Mwezi Februari alisimama kwenye kikao cha ukoo Mvumi akayarudia yote mbele ya wazee, na mama yake akamwita mwongo aliyerogwa, akamkataza kukanyaga kwake. Ruthu hajakanyaga kwake tangu siku hiyo. Amekaa hapa, upande huu wa Haneti, na tangu juzi yeye ndiye anayepika uji wa wafiwa.

Mwezi Aprili Bwana Nathanaeli naye alikwenda hospitali alikolazwa marehemu, na matunda kwenye mfuko, akasema, "Mama Hilda, tusameheane, tumekuwa watu wazima." Marehemu alikuwa amedhoofu, sauti yake ilikuwa ya kuinamia. Alimuuliza kama siku ile alikuwepo. Bwana Nathanaeli alitazama mlangoni, akaona hakuna mtu isipokuwa muuguzi, na muuguzi huyo ni binti yake mwenyewe, akasema, "Nilikuwepo." Marehemu akasema amemsamehe. Akasema pia, "Lakini sitalala kwenye ardhi yenu." Neno hilo alilirudia siku tatu baadaye mbele ya Mchungaji Ibrahimu, Bibi Mwajabu na kaka zake wawili, kwamba azikwe Haneti kwa baba yake, na kwamba hata wakija na gari asipandishwe.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika mikono. Nywele zake zilikuwa zimeanza kurudi, laini na fupi kama za mtoto mchanga, na Bibi Mwajabu alikuwa amezipaka mafuta asubuhi ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dodoma na Dar es Salaam, inawashukuru majirani wa Chimwaga waliopeana zamu za kumpikia, wanafunzi waliochangia damu, wasusi wenzake waliofunga saluni zao leo wakaja mpaka Haneti, Mchungaji Ibrahimu, na kwa namna ya pekee Bwana Halfani na Bibi Mwajabu, ambao walimpokea akiwa hana jina wakamrudisha kwetu akiwa nalo. Inamshukuru Ruthu. Upande wa Mvumi familia inaushukuru kwa kufika, chakula kipo, wale, wasiondoke na njaa.

Jeneza litatoka hapa saa nane kwenda makaburi ya ukoo, nyuma ya shamba la mzee Matonya. Gari lililokuja jana kutoka Mvumi likiwa na kamba na turubai, na barua ya kumdai marehemu kama mke wa mtu, limeegeshwa mbele ya geti, linaziba njia, na dereva anaombwa aliondoe sasa. Bwana Nathanaeli, ukoo wa Mahinyila haukuzuii kufika kaburini. Utapewa udongo kama mwombolezaji mwingine yeyote, na shada la mume halitaitwa.

Penina, binti wa Matonya na Anyesi, mama yetu, umefika nyumbani kwenu. Lala, upumzike, na Mungu akupe ile amani waliyokunyima.